Jino Ambalo Daktari Hakuling'oa

Mjukuu wangu Neema, daktari wetu mtarajiwa,

Marahaba. Hapa nyumbani tu wazima. Babu yako yuko shamba, anavuna karanga. Umeniuliza kama daktari wa meno anajishushia heshima akimwambia mgonjwa, "Hili silijui."

Nikiwa darasa la saba, chonge langu la juu lilichomoza mbele ya meno mengine. Mama akanipeleka hospitali ling'olewe.

Daktari akasema, "Kung'oa ni rahisi, mama, lakini jino ni zima. Linataka kupangwa, na mimi kupanga meno sikusomea."

Akatuandikia barua kwa bingwa, Dar es Salaam.

Niliporudi kwa daktari yule na waya mdomoni, alinichungulia sana, kisha akavuta kiti. "Binti, nieleze walivyofanya."

Nikaeleza. Mtu mzima yule akatoa kalamu, akaandika kila nilichosema.

Nakuombea,
Bibi yako