Bei ya Tovuti ya Mama Agape

Devota, uko wapi? Mdogo wangu Kassian karudi sasa hivi kutoka Mfaranyaki, anacheka huku ana hasira.

Si aliitwa na Mama Agape, yule mwenye gesti, amtengenezee tovuti! Wageni wachague vyumba, walipe kwa simu. Kassian akapiga hesabu ya wiki tano za kazi, akataja laki tisa.

Mama akamtolea macho. "Laki tisa? Kwani unaniletea matofali?"

Matofali, Devota!

Akauliza kurasa ni ngapi. Kassian akasema sita. "Pale stendi wanachapa ukurasa mmoja kwa mia tano. Sita ni elfu tatu. Haya, nakupa elfu tano, unywe na soda."

Elfu tano! Mtu kaacha ualimu kwa ajili ya kazi hii, baba hamsemeshi mpaka leo, halafu anaambiwa elfu tano na soda!

Kassian akamuuliza, "Mama, chumba chako unalaza mtu kwa bei gani?"

"Elfu ishirini."

"Shuka ngapi kitandani?"

"Mbili."

"Dobi anafua shuka moja mia tano. Basi leo nalala hapa kwa elfu moja."

Mhudumu wa gesti, aliyekuwa anasikiliza, kaangua kicheko! Mama akawafukuza wote wawili, mhudumu jikoni, Kassian barabarani.

Sasa ngoja usikie. Mama Agape kampigia Kassian simu hapa hapa nikisikia, sauti imelainika kama ya bibi harusi, anasema hesabu ya shuka imemwingia, anauliza kazi itaanza lini.

Kassian kamwambia bei imeshapanda, sasa ni milioni. Na mama kakubali!