Mimi Ndiye Wanayemwita Daktari

Chumba cha Kushonea,
Hospitali Kuu.
9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Nisamehe kwa kukaa miezi mitano bila kukuandikia. Barua hii nimeianza mara tatu, na mbili za mwanzo nilizichana, maana maneno yake hayakuwa ya kumwandikia ndugu. U hali gani huko? Mgongo umepoa? Sisi tu wazima. Mama magoti bado yanamsumbua, ila ulimi hauumwi.

Mpwa wako anatembea sasa. Kile kipimamoyo cha plastiki ulichomtumia hakivui shingoni. Juzi alikibandika kwenye cherehani yangu ya nyumbani, akasikiliza, akatikisa kichwa kama mtu aliyekata tamaa. Nilicheka. Sijamaliza kucheka, simu ikalia.

"Daktari, habari za kazi?"

Ni yule bwana wa ofisi ya mikopo. Ulipojaza fomu ya mkopo wa chuo ulikuwa umeibiwa simu, ukaandika namba yangu penye namba yako, halafu hukurudi kuibadilisha. Basi mimi ninayetia viraka mashuka ya wagonjwa ndiye Daktari, mwaka wa pili huu. Nimemweleza hadi nimechoka kwamba mimi ni dada yako. Anasema, "Sawa, Daktari, lakini utaanza lini kulipa?"

Ujumbe wao wote nimekuwa nikikutumia. Ulijibu mmoja tu: "Dada, vuta subira nimalize ubingwa." Mdogo wangu, deni halisomi ubingwa, linazaa tu. Una kazi miaka miwili sasa. Mwajiri wa huko hawezi kukukata mpaka wewe mwenyewe utie sahihi makubaliano, na wamesema utakatwa kidogo kidogo kulingana na mshahara wako. Hakuna aliyekuambia ulitapike lote kwa siku moja. Hata asiyesoma anajua dawa ya deni ni kulipa. Miaka yote ile ya udaktari, dawa hiyo hukufundishwa?

Nimekasirika, na usijifanye hujui sababu. Wiki iliyopita mhasibu wetu aliniita, akanionyesha barua ya ofisi ya mikopo. Usipotia sahihi kufikia mwisho wa mwezi ujao, watanikata mimi mdhamini, theluthi ya mshahara. Theluthi hiyo ndiyo ninayomlipa yaya anayenilelea mtoto. Ikienda, nitakuja naye kazini, humu humu yanamoletwa mashuka ya wodi yakiwa na damu na usaha. Wewe ndiye uliyesoma. Niambie mtoto wa mwaka mmoja ataokota nini sakafuni hapa.

Kukudhamini sijutii. Koti lako la kwanza jeupe nililishona kwenye cherehani hii hii, nikalipiga pasi mara mbili. Ungeniambia mambo yamekuwa magumu, ningekuelewa, tungeenda pamoja kuwaomba. Kinachoniuma ni hicho kimya chako. Unapata nafasi ya kwenda posta na kichezeo cha mtoto, sahihi moja inakushinda.

Mama hajui. Bado anawaambia majirani mwanawe anatibu watu ng'ambo, na mimi nakaa pembeni naitikia. Nitaitikia hadi mwisho wa mwezi ujao. Baada ya hapo nitamweleza yote, na magoti yake utayatibu wewe.

Mama anakusalimu sana. Shangazi naye, na fundi viatu wa pale kona, anayeuliza kama huko pia viatu huchakaa. Mpwa wako angekusalimu, ila nimemwacha nyumbani kipimamoyo kikiwa mdomoni. Mungu ailinde mikono yako, wapo wanaoitegemea huko, na huku pia.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata akinuna.

Ninavyongoja bado ni hivi. Fomu ya makubaliano niliyoiweka humu, iwe na sahihi yako ya wino, picha hawaikubali. Barua ya mwajiri wako. Hati ya mshahara ya mwezi uliopita. Nakala ya pasipoti, ukurasa wenye sura yako. Na namba ya simu, ile ambayo bwana yule akipiga akasema "Daktari", utaitika wewe.