Kuvu kwenye Mapafu ya Dada

Shoga, bado siamini. Nimetoka wodini sasa hivi.

Ile homa ya dada si malaria. Daktari kasema ni kuvu, imeota ndani ya mapafu.

KUVU. Dada akamwuliza, "Hii hii inayoota kwenye mkate?"
"Ya jamii hiyo. Dawa za saratani ya damu zimeshusha kinga yako, ikapata pa kuota."

Sasa sikia. Dawa zikiendelea, kuvu inammaliza. Zikisimamishwa, saratani inaweza kurudi. Kabanwa huku na huku, na hata chumbani haruhusiwi kutoka.

Akauliza taratibu, "Sasa mimi nipite wapi?"

Daktari akakaa kitandani. Yule daktari, shoga, ambaye hajawahi kukaa. "Tunasimamisha. Tutibu kuvu kwanza."
"Na saratani itanisubiri?"
"Sijui, mama."

Sijui. Kasema sijui.

Alipotoka, dada akaniambia, "Shemeji yako akija, mwambie nimelala."

Shemeji alikuwa ameshafika. Kasimama nyuma ya kioo cha mlango, anatutazama, na dada kamwona.

Akafumba macho, ili nisiseme uongo.