Wateja wa Namba Arobaini na Saba

Tarehe 4 Februari, mwaka wa thelathini na moja tangu nitoke nyumbani

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zikufikie ukiwa umeketi, si mbiombio kati ya kaunta na mlango kama kawaida yako. Mimi ni mzima. Goti la kushoto lina maoni yake kuhusu baridi, lakini silisikilizi. Nijulishe hali ya kifua chako, na kama wajukuu zako wameacha kukohoa kwa zamu.

Tangu nilipostaafu kujalidi vitabu, asubuhi zangu zinaishia katika chumba cha kusomea cha maktaba ileile niliyoifanyia kazi. Makao makuu ya Kimondo yako hapa mjini, katika jengo la vioo lenye ile nyota ya mkia wanayoibandika ubavuni mwa kila raba, kwa hiyo kampuni ikipiga chafya magazeti yanaandika. Juma lililopita imepiga chafya kubwa. Mauzo yameshuka karibu kila mahali. Wakimbiaji wamehamia kwa kampuni changa zinazotengeneza soli nene kama godoro, na vijana wamechoka kuletewa kiatu kilekile kila mwaka kikiwa kimebadilishwa kamba tu. Hisa zimeanguka, na mkurugenzi mkuu ameondoka ili apate muda na familia yake, ambayo ndiyo namna wakubwa wanavyofukuzwa.

Katikati ya msiba huo nikakuta sentensi moja. Inasema kuna soko dogo ambalo mauzo yamepanda misimu minne mfululizo, na imelitaja kwa jina. Ni kwetu. Na kwetu wakala wa Kimondo ni mmoja tu, wewe.

Nilifurahi hadi bibi aliyekaa kando yangu akanikazia macho. Kisha nikarudi nyumbani nikiwaza. Desemba uliniambia kwenye simu kwamba yule jirani wa ng'ambo ya barabara, mnayemwita Nusu Bei kwa raba zake za bandia, amewazoa wateja wako wote, na kwamba kuna siku unafungua na kufunga duka bila mtu kuuliza hata bei ya kamba. Habari hizo mbili haziwezi kuwa kweli zote. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Niambie nani anakuundia.

Na chumba changu cha nyuma ya duka, lile bati linalovuja umeshalibadilisha? Nauliza kwa sababu sasa sina kazi inayonishika. Mvua zikiisha nafikiria kurudi, na safari hii si kwa maneno.

Kaka yako

---

Tarehe 11 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Wajukuu bado wanakohoa, ila sasa wanakohoa kwa pamoja, hakuna tena zamu. Kifua changu kimetulia. Goti lako usilidharau, lifunge kitambaa cha sufu unapolala.

Umesoma habari njema ukaingiwa na wasiwasi, ndivyo ulivyo. Hata utotoni ulikuwa ukipewa zawadi unaigeuza kwanza uone ilipopasuka. Biashara ni riziki, leo inakukimbia, kesho inakugongea mlango.

Bwana Soko, yule msimamizi wa kanda anayetusimamia sisi mawakala wa nchi saba, alikuja na mpiga picha. Alinisimamisha chini ya bango akaniita Mama Mauzo. Kwenye mkutano wa mawakala alimwambia wakala mmoja aliyeshindwa kufika lengo, mbele za watu, akajifunze kwa huyu mama ambaye dukani kwake hakuna hata kiyoyozi. Wakati wa chakula maskini yule akanijia akaniuliza siri yangu ni nini. Nikamwambia ni sala na tabasamu. Kaka, aliandika.

Bati ni zima. Lakini usije kwanza. Chumba kinahitaji rangi, na kuna shughuli kidogo zinaendelea. Mambo ya dukani niachie mimi.

Mdogo wako

---

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Wewe sijui, maana simu yako inaita hadi inachoka.

Gazeti la leo linasema Kimondo watafungua duka lao wenyewe katika mji wako, ghorofa mbili, kabla mwaka haujaisha. Wanasema soko limekomaa na halihitaji tena wakala. Wataajiri vijana sitini. Wanatarajia kuuza mara nne ya unavyouza wewe, na wamewaahidi wenye hisa kwamba kwenu ndiko watakakoanza kuinuka upya.

Kwanza nilikasirika kwa ajili yako. Miaka yote hiyo umewashikia mlango, na sasa wanaingia wao. Baadaye hasira ikageuka kitu kingine. Hesabu ya duka hilo wameipiga kutokana na wateja wako. Nakuuliza tena, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa: wateja hao ni akina nani?

Nijibu kabla hawajafika.

Kaka yako

---

Tarehe 27 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Wote hapa tu wazima wa mwili. Simu zako nilikuwa naziona. Nilikuwa naigeuza simu kifudifudi mezani na kuendelea kufuta kaunta iliyokwisha kuwa safi. Kwa mdomo nisingeweza, ndiyo maana naandika.

Mteja ni mimi.

Mkataba wa wakala unasema misimu miwili ikipita chini ya lengo, bango linashushwa. Msimu mmoja ulishapita chini. Wa pili ukawa unaisha, na zilikuwa zimebaki jozi chache tu kufikia lengo. Nikazinunua mwenyewe, kwa ile fedha uliyoituma ya bati. Nikajiambia nitaziuza polepole.

Sasa sikia. Ukiuza, mashine inataka jina la mteja na namba ya mguu. Majina ninayo, ukoo wetu si mdogo. Namba nilizonunua ndizo zile zilizokataa kutoka, arobaini na sita na arobaini na saba. Kumbe habari zinakwenda moja kwa moja hadi makao makuu, na kompyuta yao ikaona kwetu namba kubwa zinaisha haraka. Msimu uliofuata wakaniletea namba kubwa nyingi zaidi, na lengo wakalipandisha. Sikuweza kuziuza, nikazinunua kwa akiba yangu. Wakaongeza tena. Mpaka leo kule kwenye vioo wanaamini sisi ni watu wenye miguu kama mabeleshi. Marehemu shangazi, aliyetembea na mkongojo, amenunua raba za mbio ndefu misimu yote minne. Wewe mwenyewe ni mteja wa daraja la juu.

Maboksi yamo chumbani kwako, kutoka sakafuni hadi darini. Bati bado linavuja. Nimeyafunika kwa nailoni.

Nilipopata habari ya duka kubwa nilimfuata Bwana Soko nikamweleza yote, bila kubakiza. Akaenda kufunga mlango. Akasema, "Mama, hayo sijayasikia. Mimi nahamishiwa makao makuu kwa sababu ya soko hili."

Halafu akaanza kunibembeleza kama mwanangu wa kumzaa. Wakaguzi watakuja mwezi wa Juni, kabla kampuni haijasaini mkataba wa jengo. Mimi nikae kimya, nitie sahihi hesabu zangu, na yeye atahakikisha napewa usimamizi humo ndani. Nikinyamaza nina kazi. Nikisema, bango linashuka siku hiyohiyo. Biashara hii ndiyo niliyoachiwa na marehemu mume wangu, na sina nyingine. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Nijibu upesi.

Mdogo wako

---

Tarehe 9 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako imefika leo na leo naijibu. Mimi mzima, lakini nisikufiche, nilikasirika hadi nikatoka nje nikalizunguka lile jengo la vioo mara mbili na goti langu. Humo ghorofani kuna mtu anakodolea macho jina la marehemu shangazi na kuona mustakabali wa kampuni.

Hasira imepungua, sasa sikiliza. Wakifungua duka lile wataajiri vijana sitini kuwauzia watu wasiokuwapo. Watafunga upesi. Vijana watarudi barabarani, Bwana Soko atakuwa huku anakunywa kahawa, na atakayetafutwa ni aliyetia sahihi. Usimamizi anaokuahidi ni wa kukusimamisha mbele yake ili jiwe likupate wewe.

Mficha uchi hazai. Waambie, na usingoje waulize. Bango litashuka, najua, na litakuuma. Lakini bango ni lao, hukuzaliwa nalo.

Nimepiga simu tena kabla ya kufunga bahasha. Umeizima.

Kaka yako

---

Tarehe 20 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Wajukuu wamepona. Mimi nalala vizuri, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau.

Barua yako ilifika siku mbili baada ya wakaguzi kuondoka, kwa hiyo nilichofanya nilikifanya kwa akili yangu, usijisifu.

Walikuja watatu, na Bwana Soko akiwa na suti mpya. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mkimya, anayekaa na mkoba wake magotini kama abiria. Asubuhi nzima walipitia hesabu, na hesabu zilikuwa nzuri, mimi mwenyewe ningezipenda. Bwana Soko alinisifu hadi nikaona aibu kwa niaba yake. Karatasi ya mwisho ikawekwa mbele yangu, nikapewa kalamu. Ndipo yule mama akasema kuna kitu kimoja anapenda kukifanya kila anapofika kwenye soko jipya.

"Nitafutie mteja mmoja wa namba arobaini na saba," akasema. "Nataka kumwuliza kwa nini anatupenda."

Bwana Soko akacheka, akasema saa hizi wateja wako makazini. Yule mama akasema hana haraka, atasubiri. Tukasubiri. Kaka, nilikuwa natazama mlangoni kama mwendawazimu, kana kwamba angetokea. Watu wakapita nje, na kila aliyepita nikawa namwangalia miguu. Ng'ambo ya pili Nusu Bei alikuwa anamvalisha mtu raba ya bandia, na huyo mtu anacheka, ana mguu mdogo, na analipa.

Bwana Soko akanikanyaga chini ya meza. Nadhani ndicho kilichoniamsha. Nikaiweka kalamu.

"Mteja ni mimi," nikasema. "Njoo nikuonyeshe."

Nikafungua chumba chako. Yule mama alisogea kizingitini. Akafunua nailoni, akasoma boksi la kwanza, la pili, la tatu, akaifunika tena taratibu kama mtu anayemfunika mgonjwa. Akaniuliza kama kuna mtu yeyote katika kampuni niliyewahi kumwambia. Nikamtazama Bwana Soko. Yeye alikuwa anatazama dari. Yule mama alituona wote wawili, akaelewa.

Bango lilishushwa juma hilohilo, na ukutani limebaki umbo lake. Duka kubwa halifunguliwi. Bwana Soko hatajwi tena, na mahali alipo hakuna anayejua. Mimi hawakunishtaki. Nafikiri wangenishtaki ingebidi waeleze magazetini soko lao bora lilikuwa nani.

Nusu Bei alikuja kucheka, akaishia kubeba maboksi. Aliyatazama akatikisa kichwa. "Dada," akasema, "bandia zangu zina wateja wa kweli. Zako za kweli zilikuwa na wateja bandia." Nikamwongezea boksi jingine. Alinitafutia mafundi wanaokata soli kubwa kutengenezea kandambili, na sasa chumba ni kitupu.

Na hapo ndipo penye swali langu. Mama muuza dawa wa pale kona anataka kupanga duka, ila kwa sharti apate na chumba cha nyuma awe na stoo. Bila chumba hataki. Kodi yake ndiyo itakayonitunza, sina njia nyingine ninayoiona. Nimemwambia chumba si changu, baba alipotugawia nyumba hii kilikuwa fungu la kaka yangu. Anataka jibu mwisho wa Agosti.

Usinijibu kwa kunihurumia. Ukisema unakuja, nitamwambia atafute kwingine, na tutakula tutakachopata, mimi na wewe, na sitanung'unika. Miaka yote unasema mvua zikiisha. Zimeisha. Unarudi?

Mdogo wako

---

Tarehe 14 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, kwako na kwa wajukuu waliopona. Nami sijambo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, hasa pale ulipoweka kalamu. Laiti ningalikuwapo, nami nikakanyagwa.

Gazeti limeandika kwamba takwimu za soko moja dogo zimerekebishwa. Safari hii hawakulitaja jina. Mauzo yao yameshuka tena kila mahali, na wamemleta mkurugenzi mwingine anayeahidi kurudia yale ya msingi. Nimelikunja nikalirudisha kwenye rafu.

Umeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Wengine wote huniuliza lini.

Februari nilipokuandikia kwamba si kwa maneno, nilikuwa naamini. Nilikwenda hadi kwa wakata tiketi, nikapewa kiti, nikaelezwa safari zote. Nikamshukuru yule binti wa tiketi nikatoka. Kisha ikaja barua yako kwamba chumba kimejaa hadi darini. Nilikuambia nilikasirika, na ni kweli. Sikukuambia kwamba kabla ya hasira nilishusha pumzi, kama mtu aliyeambiwa mkutano umeahirishwa.

Watawala walionifanya niondoke wamekufa, na hakuna tena anayenizuia. Nimelitazama jambo hilo kwa miaka kadhaa na sikutaka kulisema. Hapo nyumbani anayenijua ni wewe tu. Hapa ninajulikana na watu wasionijua vizuri, na nimezoea kiasi hicho. Nilitaka chumba kiwepo. Kulala ndani yake ni jambo jingine, na wewe ndiye uliyekuwa ukilipia tofauti hiyo kwa kunitunzia chumba miaka yote.

Mpe muuza dawa chumba. Andikishianeni vizuri, na jina langu litoke. Sikuhurumii, nakujibu ulichouliza. Nipigie simu siku ukitaka, nami nitapokea.

Mimi sitarudi.

Kaka yako