Vidole Bado Baridi

Mteremko wa Kisima, Na. 9,
Granada.
15 Januari 2012

Mpendwa dada Araceli,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji Horacio mzima, na kwamba goti lake limeacha kumtabiria mvua. Huko Mendoza najua mnatembea mikono wazi na kula matikiti. Hapa theluji imeshuka hadi inaonekana kwenye dirisha la jikoni, na mimi ninaandika nimefunika miguu kwa kitambaa cha meza ya mama, jiko la umeme la kuotea moto chini ya meza likiniunguza soksi upande mmoja.

Mimi ni mzima. Tumbo linaendelea kukua bila kuniomba ruhusa. Dukani kwetu watu hawanunui vigae msimu huu, basi muda wa kukaa na Baba ninao mwingi.

Habari ya mimba ya Lucila tumeipokea kwa furaha kubwa. Nilimwambia Baba, "Araceli anakuwa bibi!" Akaniangalia kwa heshima kama mtu anayepewa habari za jirani, akasema, "Mungu awabariki, watu wema wale." Kisha akaniuliza kama mkate umeletwa.

Najua utasema kwa nini sikupiga simu. Dada, wanijua. Kwenye simu mimi hutania tu, wewe unacheka, tunaagana, na nilichotaka kusema nabaki nacho mkononi kama mwavuli nyumbani kwa watu. Kwenye karatasi siwezi kukimbia haraka hivyo.

Uliniomba nimrekodi Baba akipiga wimbo wako kwa gitaa, ule aliokutungia ulipozaliwa, ili mjukuu naye alazwe nao. Nilikujibu "hilo dogo". Halikuwa dogo. Nakueleza lilivyo, ili usidhani mdogo wako amelala tu, ingawa kulala nako nalala.

Baba bado anapasha vidole joto kila asubuhi, vilevile kama ulivyomwacha. Anaanza kwa kuingiza mikono chini ya kitambaa cha meza, karibu na jiko, huku amefumba macho kama mtu aliye kanisani. Halafu anatoa kipande chake cha msasa laini na kusugua kucha za mkono wa kulia, moja moja, akizijaribu kwenye mdomo. Kisha anapiga nyuzi tupu za gitaa, bila kuzibana, gumba na vidole vitatu, polepole kiasi kwamba unaweza kwenda kununua maziwa kati ya mlio na mlio. Kisha lile zoezi la buibui, vidole vya kushoto vikitambaa kutoka uzi hadi uzi. Mwisho anapanda ngazi ya sauti na kushuka. Dada, mikono yake haikosei. Daktari aliniambia mikono ndiyo ya mwisho kusahau, nami nilifurahi, mjinga mimi.

Kwa sababu akimaliza kushuka ngazi, analaza kiganja juu ya nyuzi, kimya kinaingia, anatazama mlangoni. Anangoja. Kisha anajitazama vidole, anatikisa kichwa, anasema, "Bado baridi," na mikono inarudi chini ya meza. Anaanza upya. Msasa, nyuzi tupu, buibui, ngazi. Hadi chakula cha mchana. Baada ya usingizi wa mchana, tena. Tangu tumzike mama hajapiga wimbo hata mmoja.

Mwanzoni nilijaribu akili zangu. Niliuficha msasa. Akatumia ukuta wa sebuleni, na sasa pana alama pembeni ya picha ya harusi yenu. Nikamwambia kwa sauti ya mwalimu, "Inatosha, Baba, vimeshapata joto!" Akanijibu kwa upole, "Bwana mdogo, wenye haraka walijaa darasani kwangu. Leo wote wanauza vigae." Sikujua nicheke au nilie. Nilikwenda dukani nikauza vigae.

Aliyenifumbua macho ni Angustias, jirani yetu wa ukuta mmoja. Bado yu hai, bado anabisha mlango kwa fimbo. Alileta andazi la asali, akaketi, akamsikiliza Baba mzunguko mzima.

"Fermín, mwanangu, wewe umeishi nyumba hii au ulikuwa mpangaji?"

"Nimefanya nini tena, doña Angustias?"

"Mwalimu anamngoja Visi! Yeye hakuwahi kuchagua wimbo mwenyewe hata siku moja. Mama yako alikuwa anaingia na kahawa, anaulizwa, 'Haya, Visi, leo usikie nini?' Akitaja wimbo, ndipo unapigwa. Mimi niko nyuma ya ukuta naijua, wewe uliye ndani hujui?"

Nilijua, dada. Sote tulijua. Tulikuwa tunaisikia kila asubuhi tukivaa viatu vya shule. Ila mtu hakumbuki sauti ya mlango wa kwao.

Basi nikawa Visi. Kila alipolaza kiganja niliingia na kahawa, kwenye kikombe kilekile cha bluu. Aliinywa yote, akashukuru, akarudi kwenye msasa. Nilivaa hata aproni ya mama. Angustias alicheka hadi akaomba maji, na Baba akaniambia aproni inanibana. Wiki nzima ilipita hivyo, nami nilikuwa nimekata tamaa nikileta kahawa kwa mazoea tu.

Alhamisi iliyopita nikaingia, bila aproni. Baba alikuwa amelaza kiganja. Akainua uso, akatabasamu, akasema kwa sauti yake ya zamani, "Haya. Leo usikie nini?"

Nusura nimwagie kahawa gitaa. Nikasema, "Wimbo wa Araceli, Baba. Ule wa kumlaza mtoto."

Akafikiri. Vidole vilikuwa juu ya nyuzi, vimekaa tayari. "Wa Araceli," akasema. "Unaanzaje?"

Dada, unamjua mdogo wako. Unakumbuka padre aliniweka kwenye kwaya kwa masharti kwamba nifungue mdomo bila kutoa kitu. Katika watu wote wa Granada, Mungu alichagua mimi ndiye niulizwe swali hilo. Nikafumba macho, nikaimba. Nilijua kichwani ulivyokuwa unapanda, kabisa niliusikia. Kilichotoka mdomoni kilikuwa kitu kingine.

Ukutani fimbo ikagonga. "Fermín! Mwachie huyo paka!"

Baba alicheka. Alicheka hadi machozi, akanishika shavu kama alivyokuwa akimshika mwanafunzi aliyejitahidi. "Huo siujui," akasema. "Lakini usivunjike moyo, bwana mdogo. Ni vidole tu, vyako na vyangu. Bado baridi." Mikono ikarudi chini ya meza.

Nilikwenda jikoni nikaosha kikombe muda mrefu kuliko kinavyohitaji.

Nilimwuliza Angustias kama yeye anaweza kuuimba. Akaniambia amesikia ukuta tu, wala si wimbo. Nyuzi nene ndizo zilizopita, dum, dum, na juu ya hapo hajui kilichokuwa kinaendelea. Kuandika Baba hakuandika. Alisema wimbo wa mtoto hauandikwi, mtoto hajui kusoma.

Basi amebaki mmoja. Wewe unaukumbuka mwanzo, uliniambia mwenyewe siku ya mazishi ya mama: unakumbuka unavyopanda, kisha hukumbuki tena, kwa sababu hapo ulikuwa umeshalala. Kila mara ulilala. Mama alikuwa akisema Baba amepoteza nusu ya wimbo bure.

Ninakuomba hivi. Siku yoyote utakayoweza, piga simu saa tatu asubuhi ya hapa. Kwenu bado ni alfajiri, samahani, mwambie shemeji ni kosa langu kama kawaida. Nitaweka simu mezani karibu na gitaa, na wewe usiseme lolote. Usimsalimie, usimwambie wewe ni nani. Ataanza adabu zake na vidole vitapoa. Msikilize akishuka ngazi. Kukiwa kimya, jua amelaza kiganja. Akiuliza, imba. Asipouliza siku hiyo, tutajaribu kesho yake, na keshokutwa. Siahidi kitu. Inawezekana asiulize tena kamwe. Inawezekana wimbo wenyewe haupo tena, mimi nimekusumbua usingizi bure. Sina akili nyingine iliyobaki.

Msalimie sana shemeji, na Lucila, mwambie ale na asibebe ndoo. Angustias anakusalimu, anasema urudi kabla hajafa, na kwamba hana mpango wa kufa. Baba hapa nyuma yangu yuko kwenye buibui. Nimemwuliza kama ana salamu kwa Mendoza, akasema wasalimiwe wote waliokaa mbali na moto. Mungu awalinde, amfikishe mtoto salama mikononi mwenu.

Na nikuombe jambo moja, dada yangu. Akianza, mimi nitakuwa kando ya simu, sitapumua. Safari hii usilale. Kati yetu sote, hakuna anayeujua mwisho wake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata bila sauti,

Fermín