Bwawa la Mama Asia Lilivyoiva Kama Chai

Murubona,
Kasulu.
14 Agosti, 2024.

Mpendwa binamu Elisante, mwenye pua kama mpini wa jembe,

Salamu nyingi. Geita hawajambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa vumbi la dhahabu ya wenzako? Sisi huku tunakula na tunanenepa, mimi hasa.

Najua unataka habari za kazi yako ya bwawa la kuogelea kwa bosi wetu Mama Asia, ile uliyosema nikushikie mpaka Krismasi. Basi kaa chini.

Unakumbuka ulivyompigia simu Mama Asia, sendofu ya kumuaga binti yake Mwanaheri anayeolewa ikiwa imekaribia. Bwawa tulikuwa tumelijaza maji ya kisima kipya, meupe mpaka vigae vya chini unavihesabu. Ukajifanya bingwa: "Mama, mwambie huyo mtoto amwage klorini ndoo nzima, asiogope." Nikamwaga. Binamu, ndoo sijaitua, bwawa likaanza kuiva kama chai. Jioni likawa kutu tupu. Wakwe wakaja na nguo zao nyeupe wapige picha pale, katoto kao kakatumbukia, kakatoka kama chungu kibichi.

Mama Asia hakupiga kelele. Alisema tu, "Huyo Elisante asinipigie tena."

Ulisahau nini, kichwa boga? Maji yale yana chuma. Mimi nilikumbuka kesho yake tu, Esteri wa jikoni alipoleta chai ya maji ya kisima kile, nyeusi kama wino. Si ndiyo chai yetu ya pampu ya kule nyumbani Titye? Maji meupe, ukitia majani yanakuwa usiku. Wewe umeinywa mpaka meno yakakubali, halafu unasahau. Klorini ikikuta chuma kwenye maji inakigeuza kutu hapo hapo. Kikombe kimoja cha chai kingetuambia kabla.

Nani kalitengeneza bwawa? Mimi niliyeishia darasa la sita. Niliacha klorini, nikatia shabu, ile ya kusafishia maji, nikazima pampu. Kutu ikalala chini, nikaifyonza kwa mpira nikaimwaga kwenye migomba. Siku hizi maji ya kisima yanaanguka kwanza tangini kama mvua, kutu inatuama, yanapita kwenye mchanga ndipo yaingie bwawani. Yametulia hivi kwamba ungeweza kujiona sura. Pole kwa hilo.

Kazi nimepewa moja kwa moja, na kile chumba cha uani. Godoro lako nimelirudisha kwenu kwa bodaboda. Lilikuwa linanuka.

Shangazi, mama yako, alikuja mwenyewe kukuombea kazi, na kitenge chake cha kanisani. Mama Asia akampa chai, akamwambia hapana. Nikamsindikiza mpaka barabara ya Kibondo. Nilikuwa na utani wangu juu yako nimeuandaa, ukakwama. Akauliza kama kazi ni ngumu. Nikasema ngumu. Akasema, "Basi ishike wewe, mwanangu. Yule hakuiweza." Ndivyo alivyosema aliyekuzaa, sijatia chumvi.

Kwa hiyo Krismasi njoo kula tu.

Gharibu wa getini anakusalimu, Esteri hakutuma salamu. Mungu akulinde kwenye mashimo hayo, maana huku nafasi yako imejaa.

Wako akupendaye kuliko unavyostahili,
Niyubahwe