Biskuti za Mzee Walter

Jumanne, baada ya shifti

Nimempiga mgonjwa. Acha niliandike hivyo hivyo, bila kulipamba.

Asubuhi mzee Walter, mwenye ugonjwa wa kusahau, ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee hapa New Hope, Marekani, aliomba biskuti. Nikampelekea kama zile tulizokula utotoni Nakuru, kavu, za kuchovya kwenye chai.

"Nilisema biskuti!" akafoka.

"Ndizo hizi, mzee."

Akanirushia kikombe. Kilinipasukia usoni, damu ikaniingia jichoni. Kabla sijajifuta alikuwa amenishika nywele, akinigonga kichwa kwenye ukingo wa meza, mara mbili, mara tatu. Nikamtia ngumi ya kifua. Akaniachia, akalia kama mtoto.

Achieng, nesi wa zamu, alikuja mbio. "Dada, huku biskuti ni kile kimkate laini cha kumwagia mchuzi. Hizi zako wanaita cookies. Mzee hana meno, amedhani unamcheka." Kisha akanong'ona, "Hakuna aliyeona. Mimi sitasema."

Nilitamani kukubali. Nikipoteza kazi hii, sijui watoto watakula nini. Lakini ngumi ile haikuwa ya kujitetea tu. Nilikuwa na hasira, na nilitaka aumie. Nikaiandika kwenye ripoti. Kesho bosi ananiita.

Nilipokwenda kumuaga, mzee alikuwa ameshasahau yote. Aliitazama bandeji yangu, akauliza kwa upole, "Nani amekuumiza, binti?"

Alikuwa amejishika kifua.